Dawa Imejibu

Nyumbani mimi ndiye niliyesoma Kifaransa, kwa hiyo kila barua na kila daktari ni wangu. Papa, baba yangu, fundi cherehani, alikuwa na kansa ya ulimi iliyokwisha kuteremka shingoni. Mpango ulikuwa wazi: kwanza chimio, dawa kali ya kupitia mshipani, ipunguze uvimbe, kisha, kabla haujaamka tena, daktari mpasuaji akate kilichobaki. Kimoja bila kingine ni kazi bure.

Chimio ilimwangusha. Alitapika, akanyonyoka nywele mpaka kofia ikampwaya. Lakini kila Ijumaa alijipima shingo kwa utepe wake wa kupimia nguo, na kweli ilikuwa inapungua.

Baada ya dozi ya tatu daktari alimpapasa, akatabasamu.

"La tumeur répond bien."

Maana yake uvimbe unasinyaa, si zaidi. Papa akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema dawa imejibu, papa," nikasema kwa furaha, mjinga mimi.

Kwetu neno hilo lina mwenyewe. Mtu akipona tunasema Mungu amejibu, na mambo yamekwisha. Papa alifumba macho, akashukuru. Nilipomkumbusha kisu, alinicheka mimi binti yake.

"Mungu amejibu, alors banakata nini tena, mama? Banipasue ulimi muzima?"

Nikaeleza, nikarudia, nikalia. Maji yakimwagika hayazoleki. Nyumba ilijaa watu wa kumpongeza, naye akala lituma, zile ndizi za kutwanga ambazo kwa miezi hakuweza kuzimeza, akatafuna mbele yao kwa makusudi. Kisha akanionyesha sahani tupu.

Siku ya upasuaji alikuwa kwenye cherehani, anashona kanzu ya mtu. Nilisimama mlangoni na mfuko wa nguo za hospitali mkononi. Nilimchukia siku ile, nikajichukia zaidi.

Uvimbe ulirudi kabla ya miezi miwili, mgumu, umeushika mshipa mkubwa wa shingo. Daktari aliniita nje, akaniambia kisu hakiwezi kupita hapo tena. Nikarudi chumbani. Papa, ambaye sasa hakuweza kutamka neno, alitoa mfukoni chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaandika kwenye shuka, polepole, herufi kubwa kubwa: "Umwambie nakubali. Akate."

Nikamjibu ndiyo, papa, nitamwambia.