Chale Kwenye Nyonga ya Kaka

Katika miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji katika hospitali moja kule Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kunyoa wagonjwa, kuchemsha vyuma, na daktari akipungukiwa na mikono, kushika zile ndoano za kutanulia nyama wakati yeye anakata. Cheo kilikuwa kidogo, ila kichwa changu kilikuwa kikubwa. Nilijiona nusu daktari, na hilo ndilo lililotuponza.

Daktari wa mifupa hatukuwa naye. Alikuja mgeni mmoja kutoka mbali, mara mbili tatu kwa mwaka, akafanya kazi siku nne, akaondoka. Alipenda kufundisha huku anakata. Alituambia nyonga ina milango. Ukipitia mbele, unapenya katikati ya misuli bila kuiumiza sana. Ukipitia nyuma, unachana tako, unapanua nyuzi za msuli mkubwa, kisha unautafuta mshipa wa fahamu, mnene kama kidole, unausogeza pembeni ndipo uguse kitu kingine. Mlango unauchagua kwa kuangalia tatizo limekaa wapi na ngozi ya hapo ikoje. Nilikariri yote hayo nikajaa maringo.

Kaka yangu alikuwa mpakiaji wa magogo Mafinga. Gogo moja lilimbiringikia, nyonga ikateguka, kichwa cha mfupa kikatoka kwenye kikombe chake na kwenda kukaa nyuma. Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto na majani wiki tano nzima kabla ya kumpandisha lori kumleta kwangu. Wakati huo nyama zilikuwa zimekwisha kujaa kwenye kikombe. Tuliufunga mguu kamba tukaning'iniza uzito mwisho wa kitanda, lakini mfupa haukurudi. Ilibaki kumfungua tu. Alikuwa na mke na watoto watatu, na hakujua kazi yoyote isiyotaka miguu miwili.

Mama alikuja naye, akawa analala kwenye banda la wanaouguza. Alikuwa mtu wa shamba, Mhehe wa kwetu Iringa, asiyeogopa kitu isipokuwa kisu. Siku tatu kabla ya daktari kufika aliniuliza, "Mwanangu, huyo mtu atamkata wapi?"

Mtu mwenye akili angejibu kwamba daktari ndiye anayejua. Mimi nilisimama pale nje, kwenye baridi ya Julai, nikamgeuzia mgongo, nikachora kwa kidole juu ya suruali yangu: anaanzia hapa kwenye tako, anapinda hapa, anashuka mpaka pajani. Nikamweleza na sababu zake. Mama alitazama kwa makini, akaomba nirudie. Nilifurahi kuona ameipenda elimu yangu.

Mchana wa siku moja kabla ya upasuaji nilimlaza kaka kifudifudi ili nimnyoe. Nikazikuta. Chale, mbilimbili, zimeshuka kwa mstari uleule niliouchora, zimepakwa dawa nyeusi. Chache zilikuwa zimefunga. Nyingi zilikuwa nyekundu, na moja ilitoa maji ya njano.

"Mama amenikinga," kaka alisema, uso umezama kwenye mto. "Amesema kisu cha mgeni kisipite mahali ambapo hapajachanjwa."

Nilijua la kufanya. Nilitakiwa nimwambie daktari. Angetafuta mlango mwingine, au angeahirisha. Kuahirisha maana yake ni kungoja miezi, na mguu kuzidi kujikunja. Lakini nisijisingizie huruma. Niliona aibu. Niliwaza wenzangu wakicheka kwamba mama wa mtu wa chumba cha upasuaji anachanja watu chale wodini, na aibu hiyo ikanifunga mdomo. Nilisugua pale mahali kwa sabuni mpaka kaka akaguna, na kesho yake nikapaka ayodini mara tatu, rangi ikawa nzito, kisionekane kitu.

Daktari alichana hapohapo. Nilishika ndoano nikaiona kazi safi: mshipa wa fahamu umesogezwa taratibu, kikombe kimesafishwa, mfupa umerudi ndani kwa mlio nilioufurahia. Alinisifu kwa kushika vizuri. Baada ya siku mbili aliondoka Mbeya.

Siku ya tano kaka alipandwa na homa. Siku ya saba usaha ukatoka kati ya nyuzi za mshono. Nilikiosha kile kidonda kwa mikono yangu kila siku, wiki baada ya wiki, na harufu yake haijanitoka mpaka leo. Daktari aliporudi, kichwa cha mfupa kilikuwa kimeoza. Alikitoa, safari hii akipitia mbele, maana nyuma hapakubaki ngozi ya kushona. Mguu ukawa mfupi na legelege. Kaka hakusimama tena bila magongo mawili.

Nilimrudisha nyumbani kwa basi. Tulipopita Mafinga, malori ya magogo yamejipanga kando ya barabara, hakugeuza shingo. Hapo ndipo nilipomwambia yote, chale nilivyoziona na ayodini nilivyoipaka. Niliomba anitukane, hakunitukana.

"Mama asijue, mdogo wangu," alisema. "Akijua ni mkono wake, atakufa."

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokwenda likizo alinipokea kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, mwanangu," akaniwekea ugali mbele yangu. Kisha alimtazama kaka akijivuta uani na magongo yake, naye hasira ikampanda upya.

"Mimi nilimkinga," aliniambia. "Ninyi ndio mlimkata vibaya."

Kaka alisimama akaniangalia, akingoja.

"Ndiyo, mama," nilijibu. "Tulimkata vibaya."