Sahihi za Simu Zimekataliwa Ofisini

Jamani, leo nimechekwa na ofisi nzima.

Wiki mbili nimekusanya sahihi mtandaoni tuombe kivuko huku kwetu Chamazi, maana mvua ikinyesha watoto wanavushwa mtoni mgongoni kwenda shule. Tumefika watu mia tatu!

Leo nimezipeleka ofisi ya kata, kwa afisa mmoja, mtu mzima. Nikamwamkia, nikampa simu asome.

"Wino uko wapi, binti yangu?"

"Wamesaini kwenye simu, mzee."

"Basi kivuko mtajengewa kwenye simu."

Wakacheka wote. Mie machozi yananilengalenga.

Nimetoka pale na hasira, nikanunua daftari. Wa kwanza kusaini ni jirani yangu Mama Asha, aliyewahi kuanguka mtoni na mwanawe. Kaandika jina, kisha kaniuliza, "Hili watalisoma?"

Nyie mngemwambiaje?