Sauti ya Madhavi

Sirisha alishuka kwenye teksi mjini Irving, Texas, kando ya Dallas, akaikuta nyumba yenye rundo la viatu mlangoni na harufu ya wali na achari. Alikuwa amehitimu uhandisi wa kompyuta, na kibali chake cha kazi kilimruhusu kukaa Marekani bila mwajiri siku tisini tu. Zikiisha, ni kurudi kwao Guntur, India.

Raghava, wakala wa ajira aliyewaweka wasaka kazi katika nyumba ile, alimuuliza kwao ni wapi. Aliposikia Guntur akapiga makofi. "Mtoto wa nyumbani! Hesabu kazi umeshapata."

Sirisha akashtuka. Hata alichosomea hakuulizwa.

Kwenye wasifu aliouandika Raghava, Sirisha alikuwa amefanya kazi benki miaka saba.

"Kaka, miaka saba iliyopita nilikuwa shuleni, nimesuka mikia miwili!"

"Basi ulianza mapema. Kesho kwenye usaili utachezesha midomo tu mbele ya kamera. Madhavi atakujibia pembeni."

Madhavi, binti wa mkamua mafuta ya ufuta wa Tenali, mji jirani na Guntur, ndiye aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote. Sirisha alimfuata jikoni.

"Dada, mbona wewe huna kazi?"

"Nikienda mwenyewe wananiuliza, sauti hii tumeisikia wapi?" Akasugua sufuria. "Sauti yangu imeajiriwa Dallas nzima. Mimi nipo hapa naosha vyombo vyenu."

Sirisha alicheka, lakini moyo ulikataa kutulia. Mtu aliyekosa atakuombeaje upate?

Kesho yake swali la kwanza lilipoulizwa, Sirisha akafungua mdomo. Kimya. Madhavi alikuwa pembeni, anamtazama tu.

"Samahani," Sirisha akasema mwenyewe, "benki sijawahi kufanya kazi. Niulize nilichosomea."

Msaili akauliza mengi, akashukuru, akakata.

"Umenivunjia biashara!" Raghava akamfokea Madhavi. "Fungasha!"

"Nimeshafungasha, kaka. Siku zangu za kibali zimeisha, naondoka leo."

Sirisha akamkimbilia hadi kwenye teksi. "Ulijua unaondoka! Ulinyamaza kunisaidia au kunikomoa?"

"Kazi umepata?"

"Sijui."

"Basi hata mimi sijui, mdogo wangu." Akafunga mlango.

Teksi ikaondoka. Kutoka ndani Raghava akaanza kumwita Sirisha kwa upole, upole mwingi mno, akiisifu sauti yake, naye akabaki amesimama palepale nje.