Kabla Hujamlaumu Mtu, Nusa Dodoki

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka kama ni jana. Umeniuliza kwa nini tangu nimefika kwako nimenuna na chai yako sijaigusa. Kaa hapo nikuambie, na usinikatize.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa Tengeru mwaka uleule, binti wa Machame katika nyumba ya Wameru, na wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mama mkwe hakunipiga wala kunitukana, hilo nalisema ili nisimsingizie marehemu. Ila jikoni kwake sikuruhusiwa kugusa kitu. Vyombo vyake, na hasa vibuyu vya maziwa, alisema havitaki mikono ya watu wa Machame. Haya. Mimi nikabaki na kuni na majani ya ng'ombe.

Ikakaribia sherehe ya kipaimara ya shemeji yangu, na mchungaji alikuwa amealikwa. Kwetu sherehe bila loshoro si sherehe, na loshoro bila maziwa mgando ni mahindi na ndizi tu. Kwa hiyo mama mkwe akaanza mapema kuandaa vibuyu. Unajua vinavyosafishwa: unachukua kijinga cha mzeituni wa porini chenye kaa jekundu, unakizungusha ndani ya kibuyu, moshi unakolea, na maziwa yanakaa muda mrefu yakinukia vizuri. Shida yake ni masizi tu. Maziwa yanatoka na vidoa vyeusi, na sisi wenyewe hatuvijali, wengine wanavipenda. Lakini safari hii mama mkwe akaona haya. Eti mchungaji atafikiri tunamnywesha uchafu! Basi vibuyu vilipokwisha kufukizwa, akafunga dodoki kwenye kijiti, akavipangusa ndani mpaka masizi yote yakatoka. Maziwa yakawa meupe kama pamba.

Dodoki gani, mwanangu? Lilelile la kuoshea vyombo. Mvua zilikuwa za mfululizo, na dodoki lilikuwa likishinda na kulala ndani ya karai la maji ya vyombo, halianikwi, halikamuliwi.

Sherehe ikafana. Kesho yake nusu ya ukoo walikuwa wanakimbilia migombani wameshika matumbo. Watu wazima walipona, lakini mtoto wa wifi yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alilegea, macho yakaingia ndani, hata kulia hawezi. Na hapo ndipo mama mkwe alipokumbuka kwamba nyumbani kwake kuna mgeni.

"Vibuyu nimevifukiza mwenyewe kwa mkono wangu," aliwaambia watu. "Huyu ndiye aliyekuwa anayatazama maziwa. Ana jicho. Arudi kwao kabla mtoto hajafa."

Unasikia maneno hayo? Walininyima kushika kibuyu, halafu wakanihukumu kwa kukitazama! Mume wangu, babu yako, alitoka akaenda zizini, hakunitetea, na hilo nilimwambia mpaka uzeeni kwamba sikulipenda. Nguo zangu zikafungwa kwenye khanga, mzigo ukawekwa mlangoni. Mwanamke akirudishwa kwao kwa jambo kama hilo, ni nani atamwoa tena? Hata wazazi wangu wangetengwa.

Kilichoniokoa ni shangazi yake mume wangu, aliyeteremka kutoka juu karibu na msitu kumwona mtoto. Hakuuliza habari za jicho. Aliingia moja kwa moja jikoni kumkorogea mtoto uji mwepesi wa chumvi, akachukua kikombe, akatia mkono kwenye karai atafute cha kukisugulia. Tukamsikia anaguna. Akatoka ameshika dodoki kwa vidole viwili, jeusi, linateleza, linanuka kama kitu kilichofia chini ya sakafu.

"Wifi, nusa," alimwambia mama mkwe.

Mama mkwe akageuza uso.

"Nusa, nimesema! Na vibuyu ulivifutia nini?"

"Nilitoa masizi tu, wifi. Mchungaji asije akaona weusi."

"Yaani uliua uchafu kwa moto, halafu ukaurudisha kwa mkono wako mwenyewe. Na mtoto wa watu umemfungia mzigo!"

Pale uwanjani palikuwa na watu wengi, na wote walisikia. Shangazi akalitupa dodoki motoni, akachemsha kila kijiko na kila kikombe, akatuma lichumwe dodoki jingine kavu kwenye ua. Yule mtoto alipona polepole, akakua, akawa na wajukuu.

Mzigo wangu niliufungua mwenyewe. Hakuna aliyeniambia pole, mwanangu. Hakuna! Nilimtunza mama mkwe mpaka siku zake za mwisho, nikampenda kweli, naye alinipenda, lakini neno lile hakulisema, akaenda nalo kaburini. Linaniuma mpaka leo.

Sasa nimekuja kwako kumwona kitukuu changu anayeharisha, nakuta Neema, msichana wako wa kazi, hayupo. Unaniambia umemfukuza binti wa watu, ni mchafu, kamlisha mtoto vibaya. Nikaenda kwenye sinki nisuuze kikombe changu. Mwanangu, ile sponji yako! Imelala kwenye maji, imekuwa nyeusi, na harufu yake naijua tangu ujana wangu. Uliinunua wewe, unaitumia wewe pia, na hujawahi kuikamua wala kuianika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi shika neno langu. Kila ukimaliza kuosha vyombo, ikamue sponji na uiweke mahali pa kukauka, jua likiwepo uianike. Kitu kibichi kilichoshiba makombo ndicho kitanda cha vijidudu. Ichemshe mara kwa mara, na ile iliyogusa nyama mbichi isiguse kikombe cha mtoto. Ikianza kunuka usiionee huruma, itupe. Na siku ugonjwa ukiingia nyumbani, anza kuchunguza karai lako kabla hujautazama uso wa mtu.

Lakini hayo ya sponji ni mepesi. Zito ni hili: chukua simu umpigie Neema sasa hivi, nami nikisikia. Umwambie pole, kwa mdomo wako. Usimwachie neno hilo alisubiri mpaka azeeke, kama mimi.

Mungu amponye mtoto wako, aibariki mikono inayomlisha, yako na ya Neema, na nyumba hii isikose maziwa. Piga simu, mwanangu. Chai yangu nitainywa ukimaliza.