Nani Anakuonjea?

Kwetu, vilima vya Kaloleni, mtu hapewi kitu cha kutia kinywani kabla ya aliyekileta kukionja mwenyewe. Ukija na kibuyu cha pombe ya mnazi, funda la kwanza ni lako, mbele ya macho ya wote. Ukimletea mgeni maji, unakunywa kidogo ndipo unampa kata. Wageni wa mbali hudhani ni utovu wa adabu. Kumbe ni kumwambia mwenzako kwamba kama humu mna ubaya, basi umeanza na mimi.

Mama yangu aliipeleka desturi hii mbali kuliko majirani zetu wote. Kwa wengine iliishia kwenye mnazi na maji, tena kwa wageni tu. Yeye alituonjea hata sisi, watoto aliotuzaa kwa tumbo lake. Akishapakua sima na mchunga wake, ile mboga chungu iliyotulizwa kwa tui la nazi, alimega pembeni kwa vidole vitatu, akachovya, akatafuna taratibu huku akitutazama, kisha akatusukumia sahani. Kwa hiyo sahani zote za utoto wangu zilikuwa na pengo. Mimi nilizoea kuanza kula hapo hapo penye pengo. Dada zangu walinicheka, na sikujali.

Miaka ya themanini ilipoanza nilihamia Malindi. Nilikuwa fundi seremala kijana, niliyefundishwa na wamishonari, na hoteli za watalii zilikuwa zikiota ufukoni kama uyoga. Kila hoteli ilitaka vitanda, makabati na viti vya kulalia juani. Karakana iliyoniajiri ilikuwa nyuma ya soko. Malindi ya wakati ule, kwa mtu aliyetoka kwetu, ilikuwa ni jiji, na atakayenibishia aje aniambie yeye alitokea wapi. Kazi haikunishinda. Kilichonishinda kilikuwa chakula.

Si kwamba chakula hakikuwapo. Nani alilala njaa Malindi, labda mvivu wa kutembea? Asubuhi mji mzima ulinukia iliki ya mahamri, mchana ulinukia samaki. Siku yangu ya kwanza kazini niliingia katika hoteli moja ndogo karibu na stendi, nikaagiza wali na maharagwe ya nazi. Mhudumu akaitua sahani mbele yangu akaondoka. Nikakaa. Aliporudi na kuona wali umeanza kupoa, akauliza kama nasubiri kijiko.

"La," nikamwambia. "Nakusubiri wewe uonje."

Alinitazama, kisha akageukia meza nyingine na kupaza sauti. "Jamani! Huyu ataka nimlie chakula chake!"

Hoteli nzima iliangua kicheko, hata mzee mmoja aliyekuwa na mfupa wa samaki mdomoni. Nilikula masikio yakiniwaka moto. Mpaka leo siwezi kusema maharagwe yale yalikuwa matamu au machungu.

Karakanani nilikuwa na mwenzangu aliyetoka bara, fundi wa kupiga randa, mtu mkubwa mwenye huzuni ya tumbo. Yeye alikuwa akitafuta mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, bila nazi, kama wafanyavyo kwao. "Hapa hata maji ya bomba nayasikia yana nazi," alikuwa akilalamika. Tukawa tunazunguka pamoja mapumziko ya mchana, kila mmoja na njaa yake. Alinionyesha mwanamke aliyekaanga viazi vya karai mpaka ganda lake likalia mdomoni. Mimi nikamwonyesha jiko la mkate wa mofa, tukaula wa moto na mchuzi wa papa, naye akasahau nazi kwa muda. Tulijua nani hutia tui zito na nani huongeza maji akidhani hatuoni. Watu wa karakana wakaanza kutuuliza sisi pa kula.

Nilishiba, sikatai. Lakini nikirudi chumbani nilijisikia kama mtu ambaye hajala. Sahani zilikuja zimejaa, duara, hazina alama ya mtu. Nilitamani nyumbani hadi nikajionea haya, mwanamume mzima mwenye ndevu.

Kila niliporudi Kaloleni, mama alinipokea mzigo, akanikagua macho na kucha, kisha akauliza swali lile lile.

"Nani anakuonjea huko Malindi?"

"Mama, mjini hawaonji. Watu wana haraka."

Aliinama akaendelea kuchambua mchunga wake, na nilijua anamfikiria baba. Baba yetu alifariki nikiwa mdogo sana. Alirudi kutoka safari akishika tumbo, na hakuamka tena. Daktari wa misheni alisema ni ugonjwa, akautaja na jina lake. Mama alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru, na hakumwamini hata kidogo. Yeye alijua mumewe alikula mahali pasipoonjwa. Kutoka hapo hakuwahi kutia mdomoni chakula kilichopikwa na mgeni, harusini wala matangani.

"Rudi," aliniambia wakati mmoja akinisindikiza njiani. "Mbao ziko hapa pia. Watu wa hapa nao hulala vitandani."

Sikutaka kurudi. Kazi niliipenda, na Malindi nilianza kuipenda. Lakini nilijua kila jioni kuna mwanamke kilimani anayeketi mbele ya jiko akijiuliza kama mwanawe amekula salama. Nikimwambia aje ajionee mwenyewe, alijibu, "Nije nile nini?"

Halafu nikampata bibi mmoja.

Ilikuwa mchana, mwenzangu ameenda kwao likizo, nami natembea peke yangu katika vichochoro vya mji wa zamani. Nikasikia harufu ya mchunga. Niliifuata hadi kwenye baraza ya nyumba moja ya mawe, ambako mjane wa makamo, Mswahili wa hapo hapo, alikuwa akipikia wachukuzi wa sokoni na yeyote aliyepita. Mlangoni kwake alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui kikining'inia msumarini, na sufuria mbili tu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanipakulia sima, mchunga na kipande cha papa. Nikakaa nayo. Mikono ilikataa yenyewe.

"Mbona huli, mwanangu? Waogopa chakula changu?"

Nilikuwa nimechoka kuona haya. Nikamweleza yote, desturi ya kwetu, mama yangu, na wale walionicheka stendi. Nikamwambia kwamba sitaki kumvunjia heshima. Alinisikiliza huku upawa ukimdondokea mchuzi kwenye leso. Kisha akauweka chini, akanawa mkono wake wa kulia, akasema bismillahi, akamega sima yangu pembeni. Akachovya kwenye mchunga. Akatafuna, akameza.

"Basi," akasema. "Nikifa leo, wanangu watajua nimeuliwa na mchunga wangu mwenyewe. Kula."

Sahani yangu ilikuwa na pengo. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia pilipili, naye akanihurumia akajifanya ameamini.

Tangu hapo sikula mchana kwingine. Alinionjea kila siku, na kila siku alikuwa na neno lake. "Haya, sijafa." Au, "Leo nimeonja mara mbili, ya pili ni ulafi wangu." Wachukuzi waliniita mtoto wa bibi. Mwenzangu aliporudi kutoka kwao alikuja akaona, akatikisa kichwa, lakini baada ya siku chache yeye pia alikuwa akisogeza sahani yake mbele aonjewe, eti asibaguliwe.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Sufuria za mchana zikafunikwa, naye akawa anapika futari tu. Nilimuuliza kama ningeweza kupata kitu kidogo mchana, hata kiporo. Akasema kiporo kipo, lakini kuonja je? Mpishi aliyefunga ana ruhusa ya kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, akanieleza, "lakini mwanangu, kwa mama yako kutema si kuonja." Nilicheka, kisha nikaona amesema kweli. Basi mimi, Mkristo niliyebatizwa, nikakaa na njaa yangu kutwa nikipiga msasa vitanda vya Wazungu, hadi adhana ya magharibi. Yeye alifungua kwa tende na maji, kisha akaimegea sahani yangu, halafu sote tukala. Nilifunga hivyo hadi mwezi ukaandama. Mwenzangu alinuna, akitaka kujua kama nimesilimu. Nikamwambia sijasilimu, namsubiri mpishi wangu.

Nilipokwenda nyumbani baada ya Idi, mama aliniuliza swali lake, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu.

"Yuko mama mmoja ananionjea."

Ungo ulimsimama mkononi. "Wa kabila gani?"

"Mswahili. Mjane."

"Humeza?"

"Humeza."

Alipeta, akapeta tena, mapumba yakimrukia usoni. Kisha akasema, "Nitakuja nimwone."

Alikuja baada ya kuvuna. Alivaa leso zake mpya na kubeba kikapu, na ndani ya kikapu alikuwa na mihogo aliyoichemsha mwenyewe, imefungwa kwa majani, pamoja na chupa ya maji ya kwetu. Alikuwa amejiandaa kwa Malindi kama mtu anayevuka jangwa. Sikumcheka. Nilimpitisha karakanani, mwenzangu akamwinamia kwa heshima na kumshika mkono kwa mikono miwili, halafu tukaenda barazani.

Wale wanawake wawili walisalimiana muda mrefu. Hali, watoto, mvua, shamba, maumivu ya magoti. Bibi alikuwa ametandika jamvi jipya. Mama akaketi pembeni kabisa, kikapu mapajani, hajakiachia. Bibi akaleta sahani mbili za sima na mchunga, akaziweka mbele yetu. Akanawa. Akamega yangu, akachovya, akala. Akamega ya mama, akachovya, akala. Hakutania siku ile.

Mama alikuwa akimtazama koo. Alilitazama mpaka kila tonge liliposhuka.

Kisha akanyoosha mkono. Nilidhani anaivuta sahani yake. Alivuta yangu. Akamega upande wa pili, akachovya, akala. Mwanamke ambaye hakula cha mgeni tangu alipomzika mumewe alikula kutoka sahani yangu, chakula kilichokwisha kuonjwa, kisha akaweka mikono juu ya kikapu chake akawa anatazama kichochoro. Punda wa maji akapita. Mtu akamwita mtu dirishani. Mama akatulia vile vile, anajisikiliza tumbo.

Nilitaka kumwambia bibi asimwelewe vibaya, lakini bibi alishaelewa kabla yangu. Alikaa, kiganja shavuni, akisubiri pamoja naye.

Sijui tulikaa muda gani. Mama alipotosheka alinisukumia sahani.

"Rya, mwanangu," akaniambia kwa Kigiriama. Kula.

Ilikuwa na mapengo mawili. Ndipo akaigeukia sahani yake akala yote, akakomba hata mchuzi, na bibi akamwongeza. Mihogo aliyokuja nayo aliifungua, akaionja, akampa bibi. Walipoagana alimshika mkono akasema, "Asante kwa kuniangalizia." Hakuniuliza tena nani ananionjea, wala hakuniambia tena nirudi.

Wote wawili wameshaondoka sasa. Bibi alitangulia, mama akamfuata baada ya miaka michache, akiwa mzee, kitandani mwake, kitanda nilichomtengenezea mimi. Barazani pale leo wanauza kadi za simu. Mwenzangu alirudi kwao, na natumai anakula mahindi yake bila nazi.

Mimi nimezeeka Malindi, na sifa yangu ya zamani haijaniacha. Wakija wageni mjini huniuliza wale wapi, nami huwaambia, na hawajawahi kurudi kulalamika. Naenda nao mara nyingine. Chakula huletwa kizuri, kimepambwa kwa ndimu na majani, nami najikuta nimekaa tu, mikono magotini. Mhudumu hunijia, kijana mwenye adabu, akauliza, "Kuna tatizo, mzee?"

Namwambia hakuna. Naigeuza sahani kidogo, naigeuza tena, nazunguka ukingo wote kwa macho. Halafu, kwa kuwa hakuna pengo la kuanzia, naanza popote.