Visima vya Kongwa vilivyowekwa mwisho wa foleni

Saa mbili kasoro asubuhi, Devota Matonya anavua viatu mlangoni na kuingia pekupeku kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote katika ofisi hii ya mjini Dodoma. Vumbi la nje halitakiwi humu. Anaketi mbele ya skrini na kuangalia kazi zinazosubiri.

"Mishahara hii hapa. Tathmini ya mali hii. Visima vya Kongwa, kama kawaida, viko chini kabisa," anasema bila kugeuka.

Devota, mwenye umri wa miaka 41, anaendesha kompyuta kuu ya shirika la umma la maji linalouzwa. Idara zote zinategemea mashine hiyo moja. Yeye ndiye anayepanga prosesa, yaani ubongo wa mashine, imhudumie nani kwanza na nani asubiri. Akizipa kazi zote nafasi sawa, zote zinakwama.

Zamani utaratibu ulijulikana: mwisho wa mwezi mishahara, kiangazi maji. Mwaka jana wakaja washauri wa ubinafsishaji, wakitaka thamani ya kila jengo, kila gari, kila pampu.

"Bosi akaniambia, 'Dada Devota, hawa wape mashine yote.' Nikamuuliza, na vipimo vya visima? Akasema visima havina haraka."

Vipimo hivyo vilikusanywa na fundi Damas Chibago, aliyezunguka vijiji vya Kongwa akipima miamba. Bila kompyuta kuvichambua, hakuna aliyejua pa kuchimba.

"Kila asubuhi Damas alisimama pale mlangoni. 'Leo vipi, dada?' Namwambia bado. Ikafika mahali akawa hanisalimii."

Devota alijaribu kuwaibia washauri muda wa mashine. Washauri wakienda kula, alivipa visima nafasi. Wakalalamika kwamba mashine imekuwa nzito, naye akapewa onyo. Mtambo wa kuchimbia, uliokuwa ukisubiri majibu, ukapelekwa mkoa mwingine.

Kijiji kimojawapo ni cha kwao Devota. Mama yake, Yasinta, aliendelea kufukua maji kwenye mchanga wa korongo. Septemba alianguka na ndoo kichwani, akavunjika nyonga. Hatembei tena.

"Nilipokwenda kumwona aliniuliza, 'Mwanangu, wewe si uko ofisi inayochimba visima?' Nikainuka kumletea uji. Agizo lilitoka juu, lakini vidole vilikuwa vyangu."

Mkuu wake, Ludovick Semwaiko, hakatai. "Tulitekeleza tulichoambiwa," anasema. "Na mimi nimepunguzwa kazi, kama yeye."

Mnunuzi wa shirika haitaki kompyuta hii. Ijumaa itazimwa. Washauri wameshaondoka, lakini tathmini yao bado imeshika nafasi ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyetoa agizo la kuiondoa.

Devota anaiondoa. Kisha anavipandisha visima juu na kuvipa prosesa yote. Ninamuuliza kama ameomba ruhusa.

"Nimeshapunguzwa. Watanipunguza mara ngapi?"

Jumamosi atapanda basi la Kongwa na ramani zitakazotoka kwenye printa, akazikabidhi kwa mwenyekiti wa kijiji. Damas amekubali kwenda naye, akawaonyeshe watu sehemu zenyewe na kuzipigia vigingi. Baada ya hapo Devota atabaki nyumbani kumuuguza mama yake, na kuzunguka kwenye misheni kuomba mtambo.

"Mtambo naweza nisiupate," anasema, akitazama karatasi ya kwanza ikitoka. "Lakini mama nitamwambia kwa nini ulichelewa. Hilo sitamwachia Damas."