Kitabu Chenye Jalada la Kaki

Karani wa masjala ya mahakama hufunga kila faili kwa uzi, mafundo mawili, kisha huyapigapiga kwa kidole gumba kama anayebembeleza mtoto. Wakili akimjia juu, yeye hushusha sauti, mpaka wakili ainame ndipo amsikie. Sheria ya ushindani wa biashara ilipobadilishwa, wenzake walitupa vitabu vya zamani. Chake alikivalisha karatasi ya kaki. "Kesi zilizoanzia humu hazijaisha," alisema, wakamcheka.

Siku hiyo binti yake alikaa benchi la nyuma, akimsubiri waende nyumbani. Wenye viwanda viwili vya unga, walioshtakiwa kwa kupanga bei pamoja, walikuwa wamekubali kuishusha na kusajili mapatano hayo mahakamani kabla ya sheria mpya. Sasa walitaka kujitoa, wakidai sheria mpya inawaruhusu. Jaji akasema kesi itamalizwa kwa sheria ile ile iliyoanza nayo, kisha akauliza sheria hiyo inasemaje. Mawakili wakapekua kompyuta zao, wasiione. Karani akakitoa kitabu chini ya faili, ukurasa umeshawekwa alama: mapatano yakisajiliwa, hakuna kujitoa. Jaji akausoma kwa sauti, na bei ya unga ikabaki pale iliposhushwa. Karani akanyoosha mkono. "Naomba kirudi, Mheshimiwa. Kuna kesi tatu bado zinakitegemea."

"Yule ni nani?" akanong'ona mzee aliyekaa karibu na binti.

"Mama yangu," akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka mbele. Askari wa mahakama akamkazia macho. Binti akainamisha kichwa, lakini alikuwa ameshasema.